Sura ya Tisa: Amana ya Mwosha Maiti

Majibu ya maabara yalifika Mtwara Ijumaa, tarehe saba Agosti 2009, na kabla chai ya saa nne haijapoa kila askari wa ofisi ya upelelezi alikuwa anajua kwamba mjane wa kijiji cha Namkulya ameua. Wengine walishaanza kumpongeza Inspekta Yustina Ndunguru, kwa kuwa ndiye aliyemkamata. Yustina aliwaitikia kwa kukunja uso. Miaka kumi na sita ya kazi ilikuwa imemfundisha kuogopa jalada linalojifunga lenyewe. Alifunga mlango, akasoma zile karatasi mbili mara tatu, kisha akaenda kumgongea mkuu wake.

Afande Samweli, Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, alikuwa amebakiza miezi mitano kustaafu na hakutaka mtu amwongezee kazi.

“Nimesoma,” alisema kabla Yustina hajaketi. “Damu ya marehemu imejaa madini. Kobalti na kromi, mara mia na zaidi ya kiasi cha kawaida. Chupa uliyoikuta chini ya kitanda cha mkewe ina kromi. Unataka nini tena, uletewe na picha yake akimtilia?”

“Chupa ile ni dawa ya nguzo, afande. Watu hupaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa.”

“Na ni sumu.”

“Ni sumu, sikatai. Lakini ina vitu vitatu: shaba, kromi na aseniki, na hiyo aseniki ndiyo muuaji mwenyewe. Sasa angalia damu.” Yustina alizilaza karatasi mbili sambamba mezani. “Aseniki hakuna. Shaba ni ya kawaida. Kromi ipo, na ipo kobalti, ambayo kwenye chupa haimo hata chembe. Mtu akinywa dawa ya nguzo, kromi iingie kwenye damu, aseniki ibaki nje inapiga hodi?”

Samweli alizitazama karatasi kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

“Alikuwa na chupa nyingine.”

“Inawezekana. Nipe muda niitafute.”

“Una mpaka Jumatatu asubuhi. Jumatatu jalada linakwenda kwa Wakili wa Serikali, na shtaka ni mauaji. Hilo la aseniki na hodi zake waachie mawakili.”

Yustina alitoka. Mauaji hayana dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Mwanamke aliyekuwa akikingojea aliitwa Sabra, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mke wa Amiri Chitanda, mkulima wa korosho. Alikuwa bado ndani ya eda ya mumewe, na eda hiyo alikuwa akiikalia mahabusu, amejifunika shuka jeupe katikati ya wezi wa kuku na wapika gongo. Yustina ndiye aliyempeleka huko.

*

Daktari Tumaini, aliyemtibu Amiri hadi kufa, alikuwa binti mdogo kuliko alivyosikika kwenye simu. Alimpokea Yustina kwenye chumba chenye meza moja na viti viwili, akatoa kadi ya mgonjwa.

“Aliletwa tarehe tatu Juni. Masikio yalikuwa yamekufa kabisa, macho yanafifia, mikono inatetemeka, moyo umepanuka na miguu imejaa maji. Alisema ana ladha ya sarafu mdomoni. Kila alichopikiwa na mkewe kilikuwa na ladha hiyo.”

“Na hilo ndilo mdogo wake, Issa, alilokuja kuniambia tarehe tano. Nikamkamata mke siku ileile.”

“Nakumbuka. Alikuwa amebeba chupa ya uji.”

Yustina hakupenda kukumbushwa habari ya uji. “Damu aliyopimwa ilichukuliwa lini?”

“Mara mbili. Ya kwanza siku alipofika. Ya pili tarehe ishirini na nne, siku mbili kabla hajafa. Zote niliziweka kwenye barafu, zikasafiri pamoja.”

“Kwenye majibu kuna safu mbili za namba.” Yustina alitoa karatasi. “Ya kushoto ni ya tarehe tatu?”

“Ndiyo. Na ya kulia...” Daktari Tumaini aliivuta karatasi karibu. “Ya kulia iko juu zaidi.”

“Sabra alikuwa ameshikwa siku kumi na tisa. Hakumpikia, hakumlisha, hakumgusa. Sumu ikiacha kuingia, damu hufanya nini?”

“Hujisafisha. Polepole, lakini ilipaswa kushuka.”

“Haikushuka. Kwa hiyo aliyekuwa akimlisha aliendelea kumlisha humu humu wodini. Nani alimletea chakula?”

“Issa,” alisema daktari kwa sauti ndogo. “Kila siku, asubuhi na jioni.”

Yustina aliandika jina hilo akalipigia mstari. Kisha akauliza swali la mwisho, lile analomuuliza kila daktari. “Kuna kitu chochote ulichotaka kukifanya ukashindwa?”

“Kumpima mwili mzima. Hakukubali nimfunue kuanzia kiunoni kwenda chini. Mtu wa makamo, Mwislamu, na mimi kwake ni binti wa kumzaa. Nilimtafutia tabibu wa kiume, naye akakataliwa vilevile. Nikamwandikia kwenye karatasi, maana alikuwa hasikii: umewahi kufanyiwa upasuaji? Akaifuta karatasi kwa kiganja, akageukia ukutani. Na alipokufa ndugu wakakataa apasuliwe, tukaona damu inatosha.”

*

Jumamosi asubuhi Yustina na Sajini Anold walishika njia ya Kilambo, wakakata kushoto kwenye mchanga mpaka Namkulya. Ulikuwa wakati wa kupulizia mikorosho. Walimkuta Issa Chitanda shambani, mashine mgongoni, salfa imempaka uso wote rangi ya manjano kasoro macho. Alizima mashine, akaitua chini, akawatazama bila salamu.

“Mmekuja kunambia mmennyonga?”

“Tumekuja kukuuliza chakula,” alisema Yustina. “Kaka yako alipokuwa wodini, nani alimpikia?”

“Nke wangu.”

“Nani alikipeleka?”

“Mie.”

“Kuna mtu mwingine yeyote aliyemlisha?”

“Hakuna. Mie peke yangu.”

“Basi sikiliza vizuri, Issa. Tangu Sabra alipokamatwa, sumu kwenye damu ya kaka yako haikupungua. Iliongezeka. Na katika siku hizo mkono pekee uliokwenda mdomoni mwake ni wako.”

Sajini Anold alisogea nusu hatua, kama alivyofundishwa. Lakini Issa hakukimbia wala hakufoka. Alikaa juu ya mzizi wa mkorosho, akavuta pumzi za mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

“Kaka yangu alikuwa haoni vizuri,” alisema. “Nilimlisha kwa nkono huu. Sahani moja. Tonge lake, tonge langu, tonge lake, tonge langu, mpaka kwisha. Siku zote zile mie sikula chakula kingine ila kile. Muulizeni nesi yeyote.” Alikunja mkono wa shati akaunyoosha mkono wake wa manjano mbele ya Yustina. “Chukua damu yangu. Chukua sasa hivi. Kama mna sumu mle, mie na yeye tuliila pamoja.”

Yustina aliutazama mkono ule. Alikuwa amehoji waongo wengi, na mwongo hakupi damu kabla hujaiomba. Alimwashiria Anold aandike, na mstari aliokuwa ameupiga chini ya jina la Issa ukaanza kumtia aibu.

“Tutaichukua. Lakini kama wewe hukumlisha sumu, na Sabra hakuwapo, bado unashikilia kwamba kaka yako alilishwa?”

“Najua alilishwa. Kabla ya hapo nilidhani. Siku tuliyomwosha ndiyo niliyojua.”

“Ulijuaje?”

Issa aliinuka, akaiegemea mashine yake. “Hayo si ya kusema. Nilikuwa nnamshikia tu maji Mwalimu Nfaume. Mwenye kuosha ni yeye. Nenda kwake, na hatakwambia.”

*

Kabla ya kwenda kwa Mwalimu Mfaume, Yustina alipita kwa dada wa marehemu, Bi Fatuma. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye ulimi wa kukata. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyesimama nje ya chumba cha kuoshea na kupitisha vitu kwa wanaume waliokuwa ndani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyemfunga Sabra?”

“Ndimi.”

“Haya, kaa. Aliyemfunga naye ana miguu, huchoka.”

Yustina alikaa kwenye mkeka. “Siku ile walikuomba nini, bibi, wale waliokuwa ndani?”

“Maji, kama kawaida. Karafuu maiti. Sanda. Na pamba.”

“Pamba kiasi gani?”

Bi Fatuma alicheka kicheko kibaya kisicho na furaha. “Mwanangu, hiyo pamba! Nliwapa pakiti la dukani. Wakagonga mlango, pamba. Nkamtuma ntu akalete pakiti la pili. Wakagonga tena, pamba. Dukani imekwisha. Mwisho nkapasua nto wangu mwenyewe, nto wa sufi nliopewa siku ya harusi yangu, nkawapitishia sufi yote. Na sanda ya kwanza hawakuitumia. Waliirudisha imekunjwa ndani ya gunia, wakasema izikwe, tusiifungue.”

“Mliifungua?”

“Uliambiwa usifungue, unafungua? Sisi si polisi.”

*

Mwalimu Mfaume alikuwa akianika makopa juu ya jamvi nyuma ya nyumba yake, anapanga kipande baada ya kipande. Alikuwa mwalimu wa madrasa na mwosha maiti wa Namkulya kwa miaka thelathini, na ndani yake mwenye kuanika muhogo na mwenye kufunga sanda walikuwa na utulivu mmoja. Alimkaribisha Yustina kiti, Anold kigoda, akaendelea na kazi.

“Mwalimu, sitakuuliza uliona nini.”

“Vyema, mama. Kwa kuwa nisingekujibu.”

“Nitakuuliza habari za pamba. Maiti mmoja huhitaji pamba kiasi gani?”

“Kidogo tu. Ya kuziba matundu.”

“Bwana Amiri alitumia pakiti mbili na mto mzima wa Bi Fatuma. Mtu ana matundu mangapi, mwalimu?”

Mkono wa mzee ulisimama juu ya jamvi. “Nnaona Fatuma amesema.”

“Bi Fatuma amesema alichokipitisha mlangoni. Kilichokuwa ndani ya mlango unacho wewe.”

“Ninacho, na nitazikwa nacho. Tumefundishwa hivi: ukimwosha ntu ukaona uso wake unang'aa, sema. Ukiona la kutia aibu, funika. Maiti hawezi kuvuta nguo ajisitiri. Sisi ndio nguo yake.”

“Ukimfunika yeye, unamvua mkewe. Jumatatu jalada linakwenda, na mwisho wake ni kamba ya shingo.”

“Kama ameua...”

“Ni kitu gani ulichokiona kinachokwambia ameua?”

“Issa alisema ile ni sumu inatoka.”

“Na wewe ulisema nini?”

Mwalimu Mfaume alikipangusa kipande cha muhogo kilichokuwa kisafi tayari. “Mie niliogopa kuliko Issa. Niliona ni mwisho mbaya. Nikasema pengine yule bwana alikuwa na dhambi tusiyoijua, na Mungu ameionyesha. Nikamwapisha Issa tufunike. Nimemwombea Amiri siku arobaini, usiku na mchana, kwa jambo nisilolijua jina.”

Yustina alihisi hasira ikimpanda, na haikuwa hasira ya kumkasirikia mzee peke yake. “Wewe ni mwalimu, nami ni Mkristo, sina elimu yenu. Nifundishe. Siri ya maiti ikimnyonga aliye hai asiye na kosa, kitabu kinasema ifichwe vilevile?”

Kuku walipita, wakadonoa makopa, na mzee hakuwafukuza. Alipoinua kichwa alionekana amechoka.

“Huyu askari wako aondoke,” alisema.

Anold aliondoka.

“Na wewe geuka. Tazama ukuta. Sitamwambia mwanamke habari za uchi wa mwanamume nikimtazama usoni.”

Inspekta Yustina Ndunguru, mwenye bastola kiunoni na nyota mbili begani, aligeuza kiti akautazama ukuta wa udongo. Mzee alisema na mgongo wake.

“Kwenye nyonga ya kulia alikuwa na uvimbe mkubwa, umekaa juu ya kovu la zamani. Tulipomlaza ubavu wa kushoto tumwoshe wa kulia, kovu likapasuka. Yakatoka maji meusi. Si damu, mama, wala si usaha. Meusi, mazito, kama yale yanayotoka kwenye betri ya tochi ikiharibika. Hayakuwa na harufu ya uozo. Yakatoka, yakatoka, tukaziba, yakatoka. Nilipotia kidole kusukuma pamba, kidole kikagonga kitu kigumu.”

“Mfupa?”

“Mfupa naujua. Kile kilikuwa chuma.”

“Chuma gani?”

“Cha nguu wake,” alisema Mwalimu Mfaume, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. “Kila ntu hapa anajua. Alikuwa dereva wa ile kampuni ya wageni waliokuja kupima ardhi. Mwaka elfu mbili na tatu gari lilimlalia, nyonga ikasagika. Kampuni wakampeleka Afrika Kusini, akatiwa chuma, akarudi anatembea kuliko sisi. Haukuwa na tatizo, ule nguu. Mpaka mwaka jana alikuwa anapanda minazi.”

Yustina aliendelea kuutazama ukuta. Kwa miezi miwili alikuwa amewahoji watu kumi na wanane wa kijiji hiki. Aliuliza habari za uji, za chupa, za ugomvi wa ndoa, za nani alitaka mikorosho ya nani. Kila mtu alikuwa anajua habari ya mguu, na hakuna aliyeitaja, kwa kuwa aliyeuliza aliulizia ugonjwa, na mguu ndio ulikuwa mzima.

Alipofika barabarani penye mtandao alimpigia Daktari Tumaini.

“Daktari, vyuma vya nyonga, vile vya kubandika, hutengenezwa kwa kitu gani?”

Kwenye simu kulisikika kurasa zikifunuliwa.

“Viko vya aina nyingi,” alisema Tumaini hatimaye. “Lakini vile ambavyo ni chuma kwa chuma, kichwa na kikombe chake, ni kobalti na kromi. Mama yangu! Vikisagana...” Hakumaliza. “Alinikatalia nisimfunue. Ningemfunua ningeona kovu.”

“Na mimi ningeuliza ningeambiwa,” alisema Yustina, akakata simu.

*

Jumapili gereza hufunguliwa kwa ajili ya ibada. Askari magereza aitwaye Doris alimleta Sabra kwenye chumba cha mahojiano, akaketi pembeni na kujifanya anasoma Biblia. Sabra alikuwa amekonda. Alikaa wima, shuka jeupe mpaka kwenye paji la uso, na hakumtazama Yustina.

“Mumeo alikuwa na chuma kwenye nyonga.”

Shuka lilitikisika. “Nani kakwambia?”

“Tangu ulipokamatwa nimekuhoji mara nne. Hukulisema hata mara moja.”

“Hukuniuliza.”

“Sasa nakuuliza. Kwa nini alimficha daktari?”

Sabra aliinamisha kichwa. Upande wa pili wafungwa walikuwa wakiimba. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo asiotaka kuutua:

“Aliniapisha. Kampuni walipoondoka, walikusanya kila kitu chao. Magari, mahema, hiyo ni haki. Lakini walikusanya na mabuti. Godoro alilokuwa analalia Amiri walikuja kulichukua hapa nyumbani, wakamsainisha. Hata kofia. Yeye akawa anacheka, anasema kimebaki hiki cha ndani ya mguu, hawakumbuki. Kisha mwaka jana, mwezi wa tatu, ikaja barua. Ya Kizungu, ina picha ya chuma chenyewe, na nambari ileile iliyoko kwenye kadi aliyopewa alipotiwa chuma. Akaona jina lake, akaona jina la hospitali. Akasema, Sabra, wamekumbuka. Wanakitaka.”

“Hakutafuta mtu wa kumsomea?”

“Angeisomesha, kijiji kizima kingejua anatafutwa. Akasema, wakija waambie sina, nilikufa zamani. Alipoanza kuumwa nikamwambia twende hospitali, akasema huko ndiko watakakonikamata. Nilimpeleka alipokuwa hana nguvu ya kukataa. Akaniapisha kitandani: wasijue, wasikichukue. Nikaapa.” Sasa alimtazama Yustina. “Kiapo cha mume hakifi naye.”

“Barua iko wapi?”

“Kwenye redio, pale pa kuwekea betri.”

Sajini Anold alikwenda Namkulya na kurudi alasiri, barua imekunjwa mara nane. Yustina aliisoma akiwa amesimama uani mwa gereza, akairudia. Kisha akaingia, akaketi mbele ya Sabra, akaanza kumsomea kwa Kiswahili, taratibu. Iliandikwa kwamba viungo vya aina ile vimeondolewa matumizini. Kwamba vinaweza kusagika na kuingiza madini kwenye damu, na dalili zake ni uziwi, upofu, kutetemeka na moyo kushindwa kazi. Kwamba mgonjwa anaombwa arudi apimwe na abadilishiwe kingine kipya. Kwamba gharama zote zitalipwa, nauli yake na ya msindikizaji mmoja zikiwemo.

“Na ya msindikizaji,” alirudia Sabra.

“Ndiyo.”

“Ningekuwa mimi.”

Doris alifunga Biblia yake, akatoka nje. Sabra hakulia. Alikuwa akihesabu kwa vidole, mwezi wa tatu mpaka mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, miezi kumi na mitano, na alipofika mwisho alianza upya.

Yustina alikuwa amekwisha kuzungumza na Afande Samweli kwenye simu, na jibu lake halikuwa la mtu mbaya. Barua ya mwaka jana na maneno ya mwosha maiti aliyouambia mgongo wa mpelelezi, alisema, havitasimama mbele ya hakimu dhidi ya chupa ya sumu. Leta kitu cha kushika mkononi. Fukueni maiti, mkitoe chuma, kipimwe. Hakimu atatoa amri kesho asubuhi, lakini anataka sahihi ya mmoja wa familia. Anold alimwuliza Issa, naye Issa, aliyejua sasa kila kitu, alikuwa amelia mbele ya sajini na bado akakataa. Alisema amekwisha kumkosea kaka yake mara moja. Hawezi kumfukua. Mwenye kumwamulia ni mkewe.

Yustina aliyaeleza hayo yote. Kisha akaweka karatasi mezani, na kando yake kidau cha wino wa kuwekea dole gumba.

“Ukikubali, wiki hii unaweza kuwa nyumbani, ukamalizie eda kwako. Usipokubali, sijui. Sitakudanganya.”

Sabra aliitazama karatasi.

“Mkishakipima mtamrudishia?”

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Yustina, mtamu na wenye huruma. Alikuwa amekwisha kumkosea mwanamke huyu vya kutosha. Aliumeza.

“Hapana. Kitakuwa kielelezo cha kesi. Kitabaki mahakamani, na baada ya hapo wenye kiwanda huenda wakakidai.”

“Watakidai?”

“Mstari wa chini kabisa wa barua unasema kikitolewa ni mali ya uchunguzi wao.”

Sabra alitikisa kichwa polepole, mara mbili, tatu, kama mtu aliyeshindwa katika ubishi wa siku nyingi na mtu asiyekuwapo tena kufurahia kushinda.

“Mwaka mzima nilimcheka,” alisema. “Nilimwambia, mume wangu, hakuna mtu duniani anayekuja kumdai mtu mguu wake.”

Akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza juu ya karatasi.